Seva ya Matangazo ya Vifo

Wiki aliyofariki Mama Mkubwa, mimi nilikuwa Bungoma nimepiga magoti mbele ya seva ya kituo kidogo cha redio. Mama Mkubwa alikuwa mke wa kwanza wa baba, na boma lake liko hukohuko Bungoma. Mama yangu ni wa pili, na tangu baba alipofariki anaishi Matisi, Kitale. Hawa wawili walikuwa hawajasalimiana miaka mingi. Ugomvi wenyewe ulianzia kwenye shamba, na sitaufukua hapa.

Kwetu mtu hajafa sawasawa mpaka redio imtangaze. Simu ziko kila mfuko na habari zote tunazo, lakini ikikaribia saa moja jioni wazee bado wanasogeza redio karibu wasikie nani ametajwa na nani ameachwa. Tangazo la Mama Mkubwa alikuwa amelirekodi mwanawe wa kwanza, kaka yangu wa nyumba kubwa. Asubuhi nikiondoka, mama aliniambia bila kuinua macho kwenye sukuma wiki aliyokuwa akikata, "Wakinitaja nitaenda. Wasiponitaja, si nikae tu kwangu."

Nilikasirika. Mwanamke mzima, mwenye wajukuu, anangoja ruhusa ya redio! Lakini nilijua atafanya vile alivyosema. Kichwa kigumu sisi sote tumekitoa kwake.

Seva ile ndiyo iliyohifadhi matangazo na kuyapeleka hewani, na kwa siku kadhaa ilikuwa inakwama katikati ya majina, marehemu anabaki bila wajukuu. Memori yake ilikuwa ndogo, nami nilikuwa nimeitwa kuiongeza hata kabla ya msiba wetu. Nikaizima, mtangazaji akashika zamu kwa nyimbo za simu yake. Nikavua sweta niliyotoka nayo Kitale, maana sufu huwa na umeme wake, na umeme huo huua vipande vya memori kimya kimya. Nikagusa chuma cha kabati la seva ili umeme uliobaki mwilini uniishie, nikatoa vipande vya zamani, nikachomeka vinne vipya, vyote upande mmoja, vimepangana vizuri. Nikawasha. Feni zikanguruma, taa ya rangi ya chungwa ikawaka, na kioo cha kompyuta kikabaki cheusi.

Nikavitoa, nikavirudisha palepale. Chungwa tena. Nikalaumu duka lililoniuzia, nikalaumu vumbi.

"Fundi, si ulisema ni kazi ya nusu saa?" mtangazaji akaniuliza mlangoni.

"Nilisema."

"Sasa saa moja nitaambia watu nini, bana? Sauti za wafiwa ziko humo ndani zote."

"Kuna moja ni ya kwetu," nikamwambia.

Akaenda, akarudi na kikombe cha chai.

Nikiwa nakunywa ile chai ndipo nilipoangalia vizuri. Seva ile ina prosesa mbili, yaani bongo mbili, na kila moja ina nafasi zake za memori ubavuni. Nilikuwa nimeilisha moja na kuiacha nyingine na njaa, basi nyumba nzima ikakataa kuamka. Na mimi ni mtoto wa mke wa pili, niliyekulia boma ambalo baba akileta kilo mbili za nyama, ni moja kwa kila jiko. Nilicheka peke yangu, huku nikiona haya.

Nikagawa viwili kwa viwili, nikianza na nafasi zenye vibanio vyeupe kila upande, nikibonyeza kila kipande mpaka vibanio vijifunge. Taa ya chungwa ikazimika. Kioo kikaandika kwamba memori imebadilika na kuuliza kama nakubali. Nikakubali. Nikaingia kwenye mipangilio, nikahakikisha inaona vyote vinne, kisha nikaagiza kila prosesa itumie kwanza memori yake, na ikipungukiwa iazime kwa mwenzake.

Matangazo yakarudi kwenye foleni, na la kwetu nikaliona. Ningeweza kulisikiliza kabla halijaenda hewani, lakini niliogopa. Nikampigia mama nikamwambia afungue redio.

"Iko wazi tangu mchana. Ati inapiga wimbo mmoja tu," akasema. "Usikate simu."

Sauti ya kaka ikaanza. Niliisikia mara mbili, humu chumbani na kwenye redio ya mama, ikichelewa kidogo. Akataja watoto, wajukuu, wakwe wa Suam. Seva haikukwama. Kisha akasema, "Ameacha pia mke mwenzake aliye Matisi, Kitale. Mama, tunakungoja nyumbani."

Nilimsikia mama akivuta pumzi, halafu akilia, na mimi nikalia huku nimeshika bisibisi.

"Usirudi Kitale," akasema baadaye. "Nakuja huko. Nunua nyama kilo mbili."

"Moja ya kila jiko?"

"Hapana. Zote zipelekwe jikoni kwa mwenzangu."