Harusi Niliyoiandika Kabla Haijafungwa

Chekeni tu, maana hata mke wangu akitaka kuninyamazisha mbele ya wageni hunitajia harusi ya Perusi, nami nanyamaza. Miaka hiyo nilikuwa napima pamba dukani kwa Mhindi mmoja hapa Mwanza, shule nilikuwa nimeiacha darasa la nne (au yenyewe iliniacha, mpaka leo sina hakika), lakini mwandiko wangu ulikuwa mzuri, basi nikawa napeleka habari za mji kwenye gazeti moja la Kiswahili kule Dar es Salaam, na wakizichapa natembea mtaa wetu wa Igogo mzima nalo kwapani kana kwamba nimelizaa mimi.

Sasa Perusi, binti wa jirani yetu seremala, watu wa Majita kule upande wa Musoma, alikuwa aolewe Jumapili, na barua za Dar zilikuwa zinafungwa posta Jumamosi saa sita ziwahi treni, ukichelewa unangoja wiki nyingine, na kulikuwa na karani mmoja wa bandarini naye anaandikia gazeti lile lile, angenitangulia. Nikasema, harusi nimeziona ngapi? Zote ni moja. Ijumaa nikaandika kwamba imefungwa, imefana, na bibi yake Perusi, yule aliyemlea, alicheza hadi watu wakatokwa machozi. (Bibi mwenyewe nilikuwa sijamwona hata siku moja, nilisikia tu kwamba anatoka kwao Majita, anakuja na meli.)

Meli ikaja Jumamosi jioni, bibi hayumo. Ametuma neno kwamba magoti yamevimba, anaomba wamngoje. Perusi akamwambia baba yake kwamba bila bibi yeye kanisani haendi, harusi ikaahirishwa, nami nikakimbilia posta nikakuta treni imeondoka na uongo wangu. Wiki ile ningeweza kumpelekea mhariri simu ya maandishi aache kuchapa, ila nikaona aibu, nikajiambia labda habari yenyewe hataipenda. Aliipenda. Aliiweka juu kabisa.

Gazeti likafika hadi Majita, mwalimu wa kule akawasomea watu baada ya ibada, na bibi yupo, amekaa mbele. Akatuma neno Mwanza kwamba kama mjukuu wake ameshaolewa na wamemtafuta bibi mwingine wa kucheza, basi huyo huyo awe bibi yake, yeye haji tena. Perusi akanifuata dukani, mbele ya wakulima na magunia yao, wala hakupaza sauti.

"Kaka Petro, mimi sina mama, nina huyo tu. Utakwenda kumleta wewe."

Nikapanda meli hadi Musoma, nikamalizia kwa miguu. Uani kwa bibi watu wamejaa, wamesikia mwandishi wa gazeti anakuja. Nikampa shikamoo, akaitika, akanitazama weee.

"Huyo mwenzangu aliyecheza, alivaa nini?"

"Hakuna aliyecheza, bibi. Nilitunga. Hata harusi haijafungwa, wanakungoja wewe."

"Ulitunga kwa nini?"

Nikasema treni ilikuwa inaondoka. Watu walivyocheka, jamani! Bibi hakucheka.

"Haya, tuonyeshe nilivyocheza, na mimi nijue."

Nikacheza. Bila ngoma, na suruali yangu ya safari, mikono hewani, vumbi tupu, kiatu kimoja kikaniponyoka kikamwangukia mwalimu, na ndipo bibi alipocheka hadi akajifuta macho kwa kanga. Kisha akaacha.

"Watu hapa wamesikia mjukuu wangu amenitupa. Andika useme ni wewe uliyeongopa, na uweke jina lako."

Niliandika pale pale, jina kamili, na gazeti likachapa. Bibi akashuka bandarini Mwanza amenishika bega, harusi ikafungwa, nikaishuhudia toka mwanzo hadi mwisho, na karani wa bandarini akanitangulia kuipeleka, aende zake. Niliapa siku ile kwamba nisichokiona, au nisichomuuliza mwenyewe, kalamu yangu haikigusi, treni iondoke ikitaka.

Na kiapo kilianza kunitesa hapo hapo, maana bibi aliniketisha karibu naye, akataka nimsomee kila mstari kabla haujaenda posta, na nilipofika mahali nilipoandika kwamba wali uliwatosha wageni wote, akanisimamisha.

"Umekwenda jikoni kuangalia?"

Nikainuka, nikaenda.