Shamba la Ntalikwa Halitalipa Kodi ya Dar

Siku niliyotafuta chumba cha kwanza bado naiona, Maganga mjukuu wangu, maana jana uliponipigia simu ilinijia kabla hujamaliza kusema. Ulisema umepata nyumba ya kuanzia maisha na mchumba wako, ila mwenye nyumba huko Dar anataka mpangaji ambaye mshahara wake ni mara tatu ya kodi, na wako haufiki. Akakupa njia nyingine: leta kodi ya mwaka mzima, mshahara sitauuliza. Ndipo ukaniomba niuze shamba langu la huku Ntalikwa. Jibu langu ndilo hili, lisome ukiwa umeshiba.

Nilikuwa bibi harusi mbichi, babu yako kapata kazi ya kupakia mizigo stesheni ya Tabora. Tulishuka treni kutoka Kaliua na godoro la sufi, karanga kidogo, na kiburi changu mimi. Tukaenda mtaa wa Ng'ambo kwa Bi Tausi, mjane wa Kimanyema aliyepangisha vyumba. Viwili vilikuwa wazi. Cha mbele kilikuwa na sakafu ya saruji na dirisha linalotazama barabara. Cha uani kilikuwa cha udongo, mlango wake unatazama jiko na banda la kuku. Mimi macho yalishahamia cha mbele, nikawa napima kwa mikono kitanda kitakaa wapi.

Tulimwamkia, akaitika, akatukaribisha mkekani. Mshahara wa babu yako hakuuliza; mji mzima ulijua kuli analipwa nini. Aliniuliza mimi, maana kwake mwanamke ndiye mwenye kujua mambo ya chungu.

"Mshahara ukichelewa, bibi harusi, mtakula nini, na kodi mtaitoa wapi?"

Nikajibu kwa maringo kwamba baba yangu ana ng'ombe. Nikituma salamu tu, anauza mmoja.

"Kumbe mpangaji ni baba yako," akasema. "Basi mwite aje alale yeye. Nyie wawili chumba chenu ni kile cha uani."

Babu yako akacheka, msaliti yule. Mimi nililia, mwanangu, nililia mpaka kuku wakanizoea. Nilimwita yule mama roho mbaya, kimoyomoyo, maana mdomoni nisingethubutu.

Machozi yalipokauka nikakanda udongo, nikasiriba sakafu yangu. Kwa vile jiko lilikuwa hapo mlangoni, nikaanza kukaanga mihogo, nikawauzia makuli wenzake babu yako. Masika yale mshahara ulichelewa kweli. Kodi ikalipwa na mihogo, na ng'ombe wa baba akaendelea kula majani yake. Chumba cha mbele kilipobaki wazi tena, Bi Tausi mwenyewe alikuja kunipa. Nikamwambia asante mama, siku hizi natafuta shamba. Ndilo hilo la Ntalikwa. Limemsomesha mama yako, likakusomesha wewe, na mchele unaopika huko Dar umetoka humo humo.

Sasa nikwambie waziwazi, maana shule niliishia darasa la pili na maneno ya kuzungukazunguka sikufundishwa. Huyo mwenye nyumba hajakutukana. Kakwambia ukweli ambao rafiki zako wanaona haya kuusema: nyumba ile itakula mshahara wako wote, nawe utabaki kutazama vigae. Na mwaka ukiisha je? Shamba haliuzwi mara mbili. Babu zetu waliobeba mizigo kwa miguu mpaka pwani, kila mmoja alichukua ule alioweza kuunyanyua mwenyewe, kwa sababu porini hakuna wa kukutwika. Mtu hujikuna ajipatapo. Na mtegemea cha nduguye hufa maskini, hata kama huyo ndugu ni bibi yake anayempenda kuliko chumvi.

Tafuta chumba Chanika, Mbagala, popote mshahara wako unapofika wenyewe na kubakiza cha chungu. Choo kikiwa nje, utatoka nje. Na mchumba usimwonee haya. Akikukimbia kwa sababu ya sakafu, mshukuru kwa kuwahi.

Shamba siuzi. Ukitaka kununa, nuna, mume wangu. Nimeshanuniwa na wanaume wazuri kuliko wewe.

Mungu akupe mlango unaoufungua kwa jasho lako, akupe usingizi usiokatizwa na hodi ya mwenye nyumba. Na siku moja akupe wapangaji wako mwenyewe, nawe uwaulize kwa upole, lakini uwaulize. Amina.