Ugoro Baada ya Chanjo

Chanjo tunayoijaribu haina sindano. Unapuliziwa puani, na kazi yake ni kuufundisha ute wa pua kuwakamata bakteria wa nimonia pale pale mlangoni, kabla hawajashuka mapafuni. Kama itafaa, bado hatujui. Mimi ni muuguzi. Nimeyaeleza haya kwa wachimbaji wa Mwakitolyo mpaka sauti imenikauka, na kila mara namalizia na katazo: usinuse ugoro mpaka dozi ya pili ipite. Hapo hucheka sana.

Baba yangu hakucheka. Alichimba dhahabu ujana wake wote, vumbi likamkaa kifuani, na mvua zilizopita nimonia ilimlaza hospitali, mimi nikimshika mgongo akitafuta pumzi. Aliposikia wazee wanapokelewa kwenye jaribio letu, alikwenda mwenyewe kwa daktari wetu bila kunipitia. Nilifurahi kama mtoto.

Siku ile ile ya dozi ya kwanza akapata mgeni, mzee aliyechimba naye zamani. Kwetu wazee wakitembeleana, mgeni hufungua kikopo na kummiminia mwenyeji ugoro kiganjani kabla hata ya habari. Nilitoka jikoni nikamkuta baba anapiga chafya, machozi yanamtoka.

"Baba! Si nilisema?"

"Ulisema, mwanangu. Lakini huyu ndiye aliyenifukua kwenye kifusi duara letu la kuchimbia dhahabu lilipotitia. Nimwambie pua yangu siku hizi ina mwenyewe?"

Mgeni alikuwa anahangaika kuficha kikopo chake. Nilirudi jikoni nikakwangua sufuria kwa nguvu ili wanisikie.

Siku ya dozi ya pili, daktari alimuuliza baba kama alinusa ugoro. Nilikuwa nimesimama na kisanduku cha barafu, namwomba Mungu ili mzee akatae.

"Nilinusa," akasema. "Tena mwingi."

Daktari alimshukuru, akamweleza kwamba ataendelea kupimwa, ila dozi ya pili hatapewa. Baba akasema sawa, akavaa kofia.

"Ungekataa tu," nilimwambia njiani.

"Halafu nimonia ikinipata, si mtasema dawa ndiyo mbovu?"

Juzi mvua za kwanza zilinyesha. Leo asubuhi baba alikohoa uani, akinawa uso. Nilisimama mlangoni na ndoo yangu, nikasubiri kama atakohoa tena. Naogopa.