Wifi Yangu Kashika Mkia

Mimi napenda kushinda, sifichi. Hata nikimenya vitunguu na mume wangu, naangalia nani kamaliza kwanza. Kwa hiyo bosi wa karakana yetu ya kushona sare alipotangaza mashindano, nilikunja mikono ya blauzi palepale. Kila fundi atashona mashati yake mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, na atakayeshika mkia Ijumaa afungashe virago.

"Dunia ni mashindano," bosi akasema. "Hata kuku hunyang'anyana punje."

"Kuku hashoni shati," akajibu wifi yangu bila kuinua macho.

Huyo ni dada wa mume wangu, na ni mtu wa kola. Mpaka siku hiyo, kwetu kila fundi alikuwa na kipande chake: huyu mikono, yule mifuko, mimi vifungo, na kola zote zilipita kwa wifi. Aliyemaliza fungu lake alimsogelea aliyechelewa, tukatoka mlangoni pamoja.

Aliyechelewa siku zote alikuwa mwenzetu tuliyembandika jina la Polepole, maana mkono wake uliwahi kuvunjika ukaunga vibaya. Ana watoto, mume hana. Sote tulijua nani ataondoka.

"Wifi, usije ukaanza huruma zako," nikamwonya. "Kila mtu na lake."

"Haya, wewe shinda," akanijibu. "Mimi nina kazi."

Ijumaa bosi akahesabu mafungu, akarudia, akavua miwani. Polepole kaongoza! Loo! Tukaanza kuulizana chini chini. Kumbe kila mmoja, kwa siri yake, alikuwa ametia shati moja kwenye fungu la Polepole, akidhani ni yeye tu. Ndiyo, hata mimi, na msiniulize sana. Lakini wifi alikuwa ametia karibu yote aliyoshona. Mkia kaushika yeye.

"Wewe una wazimu?" nikamnong'oneza, machozi yananilenga kwa hasira. Yeye anakusanya mkasi na nyuzi zake, wala hana habari.

Bosi akainua shati kutoka fungu la mshindi. "Tazameni kola hii! Zenu zote zimekwenda upande. Mshindi, hebu waeleze wenzako umefanyaje."

Polepole akasimama. Angenyamaza tu, nafasi yake ilikuwa salama.

"Hiyo si yangu, bosi," akasema. "Kola hiyo kaishona huyo unayemfukuza."

Bosi akaigeuza kola nje ndani, ndani nje. Kuomba radhi hakuomba, si kawaida yake. Akatuambia tu tupange mashine kama zamani, kila mtu na kipande chake, Jumatatu kuna mzigo wa shule, na asiondoke mtu.

Nikatoka na wifi yangu tumeshikana mikono, nimevimba kwa fahari mpaka blauzi inanibana. Muuza magazeti wa nje, aliyejua habari zetu zote, akauliza nani kashinda.

"Achana na aliyeshinda," nikamjibu kwa sauti, mtaa mzima usikie. "Wifi yangu kashika mkia!"