Uji wa Zamu Yangu

Nilianguka kwenye shamba la mwenyekiti wetu, jembe likiwa bado mkononi. Mkono ulikataa kuliinua na ukakataa kuliachilia. Nilitaka kusema "nishikeni", mdomo ukatoa mate tu. Mwenyekiti akawaambia wenzangu, "Mwacheni. Ni dawa inatoa uchafu." Nikalala pale mchangani, jua la Kanyangi likinichoma, mpaka mtu akakumbuka kuita bodaboda.

Huyo mwenyekiti anaongoza akina mama wa kanisa letu, na ndiye anaongoza pia mwethya, yaani kundi letu la kulimiana mashamba kwa zamu. Hedhi yangu ilikuwa imekatika, joto linanipanda kutoka kifuani hadi masikioni, hata nikiwa katikati ya ibada. Wengi wetu tulikuwa hivyo. Basi akatuletea mwanamke kutoka Mtito Andei, mwenye mikebe ya unga wa mizizi, atufundishe na mazoezi.

"Mama, nyoosha polepole," mgeni aliniambia. "Umri wako unataka upole."

"Nikichota maji kwa upole, mbuzi watakunywa kesho," nikamjibu.

Wenzangu walicheka. Yeye hakucheka.

Mazoezi sina ugomvi nayo, magoti yalipata nafuu, siwezi kudanganya. Ugomvi wangu ni unga. Mwenyekiti aliutia ndani ya uji wa mwethya, ile sufuria moja tunayokunywa wote, akaweka sheria: asiyekunywa, zamu yake haifiki. Mvua ilikuwa karibu na matuta yangu yamebomoka. Mimi ni mjane. Nikanywa.

Halafu wakaja kwa tembe zangu za presha. Mgeni alisema dawa ya hospitali na mizizi zikikutana tumboni zinapigana. Mwenyekiti akanitaka nizilete kwa kundi nitoe ushuhuda. Nikazileta, lakini nikamwambia kwamba daktari alinikataza kuziacha.

"Mwaitu," akasema mbele ya wote, kwa sauti tamu ya kuniita mama, "kwani daktari ni mkubwa kuliko Mungu?"

Akazitoa mkononi mwangu, akazimwaga chooni. Wakaimba.

Hospitalini waliniambia ni kiharusi, kwa sababu presha iliachwa bila dawa. Leo mkono wa kulia unaning'inia kama wa koti. Na zamu yangu haikufika. Walisema, huyu tukimlimia atatulipa na nini? Mwenyekiti alikuja kuniona na pakiti ya sukari, akanong'ona kwamba imani yangu ilikuwa haba.

Sukari yako chukua. Jumapili simama mbele ya kanisa, shika kile kipaza sauti unachokipenda, uwaambie ni nani alimwaga tembe zangu, na ni daktari gani ulimuuliza kwanza. Kisha useme ni nani atalima shamba langu. Mimi nitakuwa kiti cha mbele. Jibu.