Mwalimu wa Bendi Aliposhukia Mazinde

Mwalimu wetu wa bendi alitangaza kustaafu mwishoni mwa mazoezi, wakati tunakung'uta mate kwenye tarumbeta.

"Tukishapiga sikukuu ya mavuno, nami nitakuwa nimemaliza," alisema. "Mtafute mwingine."

Akavaa kofia yake, akatoka.

Hii ilikuwa Mlalo, huko milimani, miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Bendi ya usharika ilipiga Krismasi, Pasaka, harusi na mazishi, na mwaka wetu tuliufunga kwa sikukuu ya mavuno, watu wanapokuja kanisani na mahindi na viazi vyao vichwani. Mwalimu ndiye aliyeilea bendi tangu wamisionari walipomwachia. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke pekee katika bendi, nikipiga tarumbeta ya pili.

Hakuna aliyeamini kwamba mtu yule anaondoka hivi hivi. Mimi nilimshuku mpiga besi. Alikuwa katibu wa tawi la chama, mpole wa maneno, lakini macho yake hayakutulia. Miezi michache nyuma alikuwa amesema mbele yetu kwamba nyimbo za Wajerumani zimepitwa na wakati, tupige za kujenga taifa.

"Nota hazina uraia, mgosi," mwalimu alimjibu, akimwita bwana kwa Kisambaa, na mazoezi yakaendelea.

Niliamini jibu lile ndilo lililomponza. Tangu siku hiyo, kila katibu alipoinama kumnong'oneza jirani yake, mimi nilitega sikio.

Kumbe na yeye alikuwa ananitegea sikio mimi. Jioni moja tulipotoka mazoezini alinifuata njiani.

"Mwalimu, hicho kijiti cha kuongozea unakitaka sana?"

"Kijiti gani?"

"Tunaona mzee anavyokubakiza kila siku baada ya mazoezi. Anakufundisha nini sisi tusichoruhusiwa kujua?"

Nikamjibu kwamba ananifundisha kusoma nota za vyombo vyote kwa pamoja, basi. Akacheka kidogo, cheko la mtu asiyeamini. Nilifika nyumbani nimekasirika, lakini pia nikajiuliza: kweli, kwa nini mimi?

Kisha tarumbeta mbili zikapotea kabatini. Funguo alikuwa nazo mwalimu peke yake. Tulisimama mbele ya kabati tukitazamana, wala hakuna aliyethubutu kumuuliza. Ungemuuliza vipi mtu ambaye bado unamwamkia shikamoo kwa kuinama? Tukanyamaza, na ukimya ule ukatuharibia muziki. Kila mmoja alipiga kama anayemsikiliza mwenzake amkamate.

Juma lililofuata nilisafiri kwenda Same kumwona dada yangu. Basi liliposhuka tambarare na kusimama Mazinde, nilimwona mwalimu ameketi kando ya barabara, chini ya kibanda cha makuti, na gunia miguuni. Wanaume wawili, kwa nguo zao wakata mkonge, walimpokea lile gunia kwa mikono miwili. Mmoja alivaa baraghashia. Mwalimu alicheka nao, naye kwetu hakuwa mtu wa kucheka. Basi likaondoka. Nilikaa kwenye kiti changu nikijiambia: anaziuza tarumbeta zetu. Niliporudi sikumwambia mtu, lakini na kumtazama usoni sikuweza tena.

Siku ya sikukuu ukungu ulishuka mpaka milangoni mwa kanisa. Watu walijaa hadi nje. Tulipiga vizuri kuliko nilivyotegemea, na ukabaki wimbo wa mwisho. Mwalimu hakuinua kijiti. Aligeuka, akapunga mkono kuelekea nyuma, na wale wanaume wawili wa Mazinde wakaja mbele wakiwa na tarumbeta zetu. Mwenye baraghashia alisita kidogo, akaivua, mwalimu akamwonyesha kwa ishara airudishe kichwani.

Minong'ono ikaenea kanisa zima. Mzee mmoja wa usharika alisimama, akaketi, akasimama tena. Mwalimu akaanzisha wimbo. Baada ya mistari miwili yule mwenye baraghashia alipotea, akapiga sauti kubwa isiyo yake, na bendi nzima ikasambaratika. Nilitamani ardhi inimeze. Mwalimu akashusha mikono, akasubiri kanisa linyamaze.

"Tunaanza upya," alisema. "Hawa nimewafundisha haraka, kosa ni langu."

Tukaanza upya, tukafika mwisho.

Nje, kwenye nyasi zilizolowa, katibu alimfuata.

"Mzee, vyombo hivi ni vya usharika. Ulivitoa kwa ruhusa ya nani?"

"Sikuomba. Ningeomba mngenikatalia."

"Na sasa?"

"Sasa nimevirudisha. Mimi ninahamia kijijini kwao, huko chini."

"Nani amekuhamisha?" niliuliza mimi, nikimtazama katibu.

Katibu akanitazama mimi. Mwalimu alitutazama sote wawili, akatikisa kichwa.

"Mnaona?" alisema. "Kule chini nikiingia, watu wanauliza nimewaletea wimbo gani. Hapa mnaulizana nani amemtuma nani."

Hakunipa kijiti mkononi. Alikiacha juu ya kinanda, na wazee wakakutana mara mbili kabla ya kukubali nikichukue. Wapigaji wanne waliacha bendi kwa sababu yangu. Katibu alibaki, na sikuacha kujiuliza kwa nini.

Mwaka uliofuata nilimtembelea mwalimu huko Mazinde. Jua la tambarare lilikuwa limemkausha, lakini alinikaribisha vizuri, akanipa maji na ndizi. Nilimuuliza waziwazi kama kweli aliondoka kwa hiari yake.

"Mwanangu, kula ndizi," alisema.

Nikala. Akaniuliza habari za mvua, za mwimbaji wetu wa zamani wa kwaya aliyekuwa mgonjwa, za barabara. Kuhusu bendi hakuuliza neno. Nilipopanda basi kurudi milimani nilikuwa bado ninayapima maneno yake, moja moja, nikitafuta lile alilolificha.