Trai ya Namba Kumi na Nne

Kamati iliponiomba niandike kijitabu cha historia ya klabu za raga za Kisumu, nilijivuna wiki nzima. Nilijiona ndiye mwenye kumbukumbu, maana nimecheza, nimefundisha, na kitambi changu kimekalia kila benchi la uwanjani katika mji huu.

Sehemu ya kwanza haikunipa taabu. Zamani raga hapa ilikuwa ya watu wa maofisini, waliokuwa na uwanja wa nyasi nzuri upande wa ziwa na bafu la maji moto. Sisi wa mitaani tulikuja baadaye. Klabu yetu ilianzia kwenye uwanja wa shule moja Mamboleo. Magoli yalikuwa miti ya mikaratusi tuliyoichimbia wenyewe, na ng'ombe wa jirani walikatiza katikati ya mazoezi bila kumwomba mtu ruhusa. Klabu zilizaliwa, zikagombana, zikavunjika, zikaungana, nusu ya wachezaji wakiwa ni wale wale. Hayo yote niliyaandika kwa raha.

Nilikwama nilipofika kwenye ile mechi iliyotupandisha daraja.

Tulikuwa na jezi kumi na tano tu. Mchezaji akitoka, aliivua jezi pale pembeni, na anayeingia akaivaa ikiwa imelowa jasho la mwenzake. Siku hiyo nilikuwa winga, namba kumi na nne. Kipindi cha pili paja likanikaza, nikatoka nikichechemea, nikamvulia jezi rafiki yangu wa Nyalenda, kijana mwembamba aliyekimbia kama mtu aliyefunguliwa mbwa. Dakika za mwisho alipokea mpira katikati ya uwanja, akawapita watu wanne, akaulaza mpira nyuma ya mstari wa magoli, akafunga trai. Mimi niliitazama nikiwa nimekaa chini kifua wazi, barafu pajani. Refa aliandika namba. Kwenye karatasi ya timu namba hiyo ilikuwa na jina langu, na gazeti likaandika jina langu.

Rafiki yangu alicheka sana. "Omera, ndugu yangu, leo umefunga ukiwa umekaa," akaniambia.

Nikamwahidi kwamba nitawapigia watu wa gazeti warekebishe. Sikuwapigia. Wakati huo kampuni moja ilikuwa ikiajiri wachezaji kwa ajili ya timu yake, na kile kipande cha gazeti nilikitia kwenye bahasha nikampelekea meneja. Nikapata kazi ya ofisi, ambayo ninayo hadi leo. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma pale Kondele, na mageti yake ni mazuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya mezani kwangu.

Nilimtembelea kwa ajili ya kijitabu. Alizima mashine, akanipa kiti chake, akanikumbusha mambo mengi ya klabu ambayo mimi, mwenye kumbukumbu, nilikuwa nimeyasahau kabisa. Nilipoinuka kuondoka, akafuta mikono kwenye ovaroli.

"Msichana wangu siku hizi anacheza raga," akasema. "Nimemwambia ile trai ni yangu. Anasema hizo ni stori tu za wazee. Sasa wewe andika, asome mwenyewe."

"Nitaandika," nikasema.

Na kweli niliandika. Niliandika jina lake, nikalitazama, nikalifuta. Nikaliandika tena. Nikawafikiria wenzangu wa ofisini, ambao kila sherehe ya mwisho wa mwaka hunitaka niwasimulie trai ile, nami huwasimulia, tena kwa mikono na miguu. Nikawafikiria wanangu. Mwishowe niliweka jina langu, nikajiambia kwamba karatasi ya refa ndiyo ushahidi, na mwandishi wa historia hufuata ushahidi. Naona haya hata kuirudia sababu hiyo hapa.

Kijitabu kilizinduliwa uwanjani, Jumamosi mchana. Niliomba moyoni rafiki yangu asije. Alikuja, shati limepigwa pasi, na binti yake ubavuni, msichana mrefu mwenye miguu ya baba yake. Binti akafungua kijitabu papo hapo, mbele yetu, akatafuta mpaka akaipata mechi.

"Baba, si hapa wamesema ni yeye?"

Rafiki yangu aliusoma ukurasa polepole, kisha akanitazama. Hasira ningeiweza. Yeye alingoja tu. Alinipa nafasi ya kusema, tena nafasi ndefu, nami nikakohoa, nikageuka kuyatazama magoli.

"Kama imeandikwa, basi ni yeye," akamwambia. "Mimi nilikuwa nakudanganya tu, nyathina, mwanangu. Ulikuwa mdogo. Nilitaka uone baba yako pia ni mtu."

"Kumbe, Baba," msichana akasema, kwa sauti ndogo, na hakumtazama tena.

Alinigeukia mimi. Akanipa kalamu na kijitabu, akaniomba kwa adabu nimtilie sahihi pale pale, kwenye trai. Upepo ulikuwa ukipeperusha kurasa. Baba yake akanyoosha mkono, akanishikia ukurasa usipeperuke, nami nikatia sahihi.